UZI: Kenya ni "bila viza", lakini Mfaransa bado anaomba ruhusa. Tulifikaje hapa?

1/ Ukifuatilia mijadala ya siasa hapa kwetu, lazima umewahi kusikia moja ya hizi tatu. "Tumefungua nchi, dunia nzima inaingia bila viza." "Mbona wao wanatusumbua kwenye balozi zao, na sisi tunawapokea kwa ngoma na maua?" Na ile ya tatu: "Usalama kwanza, mengine baadaye."

2/ Sitaji mwanasiasa wala chama. Nasomea sayansi ya siasa, si wakili wa uhamiaji. Nataka tufuate mtu mmoja tu: Mfaransa anayepanda ndege Paris kuja Nairobi, safari ya saa nane hivi angani, na ile idhini ya kielektroniki anayotakiwa kuwa nayo kabla ya kupanda. Tunaiita eTA. Uzi ni mrefu, chukua chai.

3/ Naanza nyumbani. Shangazi yangu ana vyumba vitatu vya wageni huko Lamu. Mwaka jana alikuwa anangoja familia ya Wafaransa: baba, mama, mtoto wa miaka sita na mwingine wa miezi minane. Walishalipa nusu. Siku ya safari akapata ujumbe kwamba wamezuiwa kwenye kaunta ya ndege huko huko kwao. Watatu walikuwa na eTA. Mtoto mchanga hakuwa nayo. Wazazi walidhani mtoto anayenyonya haombewi ruhusa.

4/ Walifika siku tatu baadaye. Shangazi alishanunua samaki, alishampa nahodha wa mashua kishika uchumba, na alishawakatalia wageni wengine hivyo vyumba. Akanipigia: "Mwanangu, si mlisema viza imeondolewa? Sasa hii ni nini?" Nikababaika. Uzi huu ndio jibu langu kwake, japo limechelewa.

5/ Jibu fupi: neno limeondoka, ruhusa imebaki. Jibu refu ni kwamba jambo hili halikuanza Kenya, wala halikuanza 2024. Serikali zimekuwa zikibadilisha jina la ruhusa kwa zaidi ya miaka 200. Na kwa kuwa mgeni wetu ni Mfaransa, tuanzie kwao.

6/ Juni 1791, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, Mfalme Louis wa 16 alitoroka Paris usiku na familia yake. Alisafiri vipi? Kwa pasipoti iliyoandikwa jina la bibi mmoja mheshimiwa, Baroness de Korff. Mfalme alijifanya mtumishi wa huyo bibi. Wakakamatwa mji mdogo wa Varennes, karibu na mpaka wa mashariki.

7/ Sasa angalia kilichofuata. Septemba mwaka huo huo, katiba mpya ya Ufaransa ikasema kila raia ana uhuru wa kwenda, kukaa na kuondoka. Maneno mazuri kabisa. Mapema 1792, hata mwaka haujaisha, bunge likarudisha pasipoti. Sababu? Usalama. Maadui wa mapinduzi, wakimbizi matajiri, majasusi. Unaona hoja ya tatu kule juu? Ina umri huo.

8/ Halafu 1803, wakati Napoléon anatawala, wafanyakazi wa Ufaransa wakalazimishwa kubeba kijitabu kilichoitwa livret. Mwajiri aliandika humo umeingia kazini lini na umetoka lini. Mfanyakazi akikutwa safarini bila hicho kijitabu, alihesabiwa mzururaji na angeweza kufungwa. Kilifutwa mwaka 1890.

9/ Kama wewe ni Mkenya, hapo umeshaanza kusikia kitu unachokijua. Ngoja, tunakuja.

10/ Kabla ya hapo, kipindi kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Mwishoni mwa karne ya 19 ungeweza kuzunguka sehemu kubwa ya Ulaya magharibi bila pasipoti. Reli zilikuwa zimejaa watu, maafisa wakashindwa kukagua kila mtu, na biashara ilitaka watu watembee. Kwa hiyo hii dunia ya makaratasi haikuwepo tangu Adamu. Iliwahi kulegea.

11/ Vita vya Kwanza vya Dunia vikaikaza tena mwaka 1914. Kila nchi ikasema ni hatua ya muda. Oktoba 1920, Shirikisho la Mataifa liliitisha mkutano Paris kuhusu pasipoti, na hapo ndipo ilipopendekezwa pasipoti ya aina moja, kijitabu cha kurasa 32. Wajumbe wenyewe walitumaini siku moja vizuizi hivi vitaondolewa. Zaidi ya miaka 100 imepita. Hatua ya muda bado ipo.

12/ Sasa rudi Kenya, miaka ile ile. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: jina lake, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Kilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Ukikutwa bila kipande ni faini au jela.

13/ Yaani livret ya Paris, lakini kwa misingi ya rangi na shingoni. Watu walikikataa. Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai kiongozi wao kijana aachiliwe. Alikuwa amekamatwa baada ya kupinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Polisi wakafyatua risasi. Hata hesabu ya serikali yenyewe ilikubali waliokufa ni zaidi ya 20.

14/ Halafu kuna kisa kinachonifanya nicheke na kukasirika pamoja. Sheria mpya ya 1947 ilitaka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa alama za vidole. Walowezi wakapiga kelele: vidole ni vya wahalifu! Kumbe walijua siku zote kwamba ni udhalilishaji. Walichopinga ni wao kuguswa.

15/ Kwa nini nimeleta kipande kwenye uzi wa watalii? Kwa sababu tukijadili ruhusa za kusafiri tunaongea kama ni jambo la kompyuta na dola tu. Hapana. Swali lake ni lile lile: nani anamuomba nani ruhusa, na nani hapaswi kuomba. Babu zetu walijibu swali hilo barabarani.

16/ Kisa kingine cha kwetu. Mwanzoni mwa 1968, maelfu ya Wakenya wenye asili ya Kiasia walikuwa wanahama kwenda Uingereza. Walikuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Bunge la London likapitisha sheria kwa siku chache tu: wewe una pasipoti yetu, lakini kama huna mzazi au babu wa huku, unahitaji vocha. Pasipoti ikabaki, ruhusa ikabadilishwa jina kuwa vocha. Mtu akawa raia asiyeweza kuingia nchi ya uraia wake.

17/ Sasa Ufaransa tena. Juni 1985, nchi tano, Ufaransa ikiwemo, zilitia sahihi makubaliano kwenye mashua mtoni karibu na kijiji cha Schengen, Luxembourg. Lengo: kuondoa ukaguzi kwenye mipaka ya wao kwa wao. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1986, mabomu yakalipuka Paris mfululizo. Serikali ikatangaza viza kwa raia wa karibu nchi zote nje ya Jumuiya ya Ulaya. Hata Wamarekani waliingia kwenye orodha hiyo.

18/ Fikiria ilikuwaje kwa mtu wa Dakar au Abidjan, ambaye mpaka mwaka huo alikuwa anaingia Ufaransa bila viza. Wamarekani waliondolewa kwenye sharti hilo 1989. Waafrika wengi hadi leo bado wamo. Ukuta wa ndani ulipobomoka mwaka 1995, Schengen ilipoanza kufanya kazi, ukuta wa nje ulikuwa umeshapanda. Milango miwili: mmoja unafunguliwa, mwingine unafungwa, na hotuba inazungumzia ule wa kwanza tu.

19/ Hapo ndipo idhini ya kielektroniki inapoingia. Tatizo la nchi tajiri lilikuwa hili: tunataka watalii wa nchi rafiki waje bila kusimama foleni ubalozini, lakini pia tunataka kuwajua kabla hawajatua. Australia ndiyo iliyotangulia, 1996, miaka minne kabla ya Olimpiki ya Sydney. Taarifa za msafiri zinaingizwa kwenye mfumo, ndege inaona kama amekubaliwa, hakuna kibandiko kwenye pasipoti.

20/ Marekani ikafuata. Wafaransa waliruhusiwa kwenda huko bila viza tangu 1989. Baada ya mashambulizi ya 2001 mambo yakabadilika, na kuanzia Januari 2009 kila anayekwenda "bila viza" lazima awe na ESTA. Mwanzo ilikuwa bure. Mwaka 2010 ikawa dola 14, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kuitangaza Marekani kwa watalii. Mwaka 2022 ikawa 21. Mwaka 2025 ikawa 40. Fomu ikishawekwa, bei haichelewi kuja.

21/ Canada, 2016. Korea Kusini, 2021. Kenya, Januari 2024. Uingereza kwa watu wa Ulaya bara, Aprili 2025: ilianza kwao kwa pauni 10, na wiki moja baadaye ikawa 16. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipitisha sheria ya mfumo wake, ETIAS, mwaka 2018, na umekuwa ukiahirisha kuuanzisha. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tumebuni. Tumejiunga na foleni iliyokuwepo.

22/ Lakini kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo imelala katikati ya mjadala wetu. Mfumo wa ETIAS ni wa watu ambao hawahitaji viza kuingia Ulaya. Mmarekani, Mjapani, Mwingereza. Mkenya hayumo. Mkenya anabaki kwenye viza kamili. Kwa hiyo tumempa Mfaransa mlango mwepesi ambao yeye na wenzake hawajatupa sisi.

23/ Tuweke mezani. Mfaransa kuja Kenya: pasipoti yenye miezi sita mbele, picha, tiketi, mahali pa kulala, dola 30 pamoja na ada ndogo ya malipo, anajaza akiwa kwenye kochi lake. Serikali inasema kwa kawaida ni siku tatu za kazi. Kwenye tovuti rasmi, ile ya go.ke, narudia, ya go.ke, kwa sababu intaneti imejaa madalali wanaotoza mara mbili kwa fomu ile ile.

24/ Mkenya kwenda Ufaransa: miadi, ukiipata. Taarifa za benki, barua ya kazi au ya chuo, bima ya angalau yuro 30,000, tiketi, mwaliko au hoteli. Alama za vidole. Ndiyo, vidole, rudi namba 14. Yuro 90 tangu Juni 2024, na hazirudi hata ukikataliwa. Jibu ndani ya siku 15, zinazoweza kufika 45.

25/ Naijua hii si kwa kusoma tu. Mwaka wa pili wa chuo nilialikwa kwenye kongamano la wanafunzi huko Ufaransa. Waandaaji wangelipa kila kitu. Miadi ya karibu niliyopata ilikuwa siku nne baada ya kongamano kwisha. Sikukataliwa. Sikufika hata kwenye mlango wa kukataliwa. Wenzangu walinitumia picha, nami nikazipenda zote, nikaenda zangu darasani.

26/ Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema "na sisi tuwatoze, tuwabane kama wanavyotubana", moyo wangu unapiga makofi kwanza. Lakini nimejifunza kusubiri makofi yaishe. Hebu tuzipime hoja tatu kwa historia, moja moja.

27/ HOJA YA KWANZA: "Tumefungua nchi." Piga hesabu ya familia ile ya shangazi. Enzi za viza, mtu mzima alilipa dola 50, na kabla ya eTA watoto chini ya miaka 16 waliofuatana na wazazi walikuwa wamesamehewa. Wazazi wawili, watoto wawili: dola 100. Chini ya eTA kila kichwa ni 30, mtoto mchanga akiwemo: dola 120. Yaani "bila viza" ilikuwa ghali kuliko viza.

28/ Tuwe wa haki. Kwa mtu anayesafiri peke yake, 50 imekuwa 30, hiyo ni nafuu ya kweli. Kutofautisha mambo ni muhimu. Ila anayesema "tumefungua" anapaswa kuulizwa: tumemfungulia nani, na tumemfungia nani?

29/ Maana wapo waliofungiwa. Kabla ya 2024 raia wa nchi kadhaa za Afrika walikuwa wanaingia Kenya bila viza wala ada. Mfumo mpya ulipoanza, wakajikuta wanaomba na kulipa kama Mfaransa. Malalamiko yakaja, na Julai 2025 Waafrika karibu wote wakaondolewa kwenye eTA. Waliobaki ni Libya na Somalia, kwa sababu za usalama. Kumbuka Somalia iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Jirani na mwanajumuiya anaomba ruhusa ambayo mtu wa Cape Town haombi.

30/ HOJA YA PILI: "Wao wanatubana, tuwabane." Hii si hoja ya kitoto, nchi kubwa zinaitumia. Brazil iliondoa viza kwa Wamarekani, Wacanada, Waaustralia na Wajapani mwaka 2019 bila kudai chochote. Baadaye ikaona hailipwi fadhila, na Aprili 2025 ikarudisha viza kwa Wamarekani, Wacanada na Waaustralia. Wajapani? Japan ilikubali kuwaruhusu Wabrazili, ikasalimika. Hapo unaona kulipizana kukifanya kazi: kulikuwa na mazungumzo na kulikuwa na mlango wa kutokea.

31/ Sisi je? Mwaka 2009, baada ya machafuko ya uchaguzi na msukosuko wa uchumi duniani, Kenya ilipunguza viza ya utalii kutoka dola 50 hadi 25 ili wageni warudi. Mwaka 2011 ikarudi 50. Hiyo inakuonyesha bei yetu imekuwa ikifuata nini: hali ya hoteli na hali ya hazina. Haijawahi kuwa silaha ya kudai Mkenya apate miadi Nairobi.

32/ Na gharama ya kubana haimwangukii waziri wa Paris. Inaanguka Lamu, kwa nahodha, kwa muuza samaki, kwa shangazi. Mfaransa akiona usumbufu umezidi anageuza safari, dunia ina fukwe nyingi. Anayetaka tulipize kisasi aseme pia nani atafidia vyumba vitatu vikikaa vitupu. Asiposema, anatumia hasira yako bure.

33/ HOJA YA TATU: "Usalama kwanza." Siipuuzi. Nchi hii imezika watu wake kwa sababu ya ugaidi, na kujua nani anakuja kabla hajafika ni jambo la maana. Ila historia inasema hoja ya usalama ina tabia mbili. Ikija haiondoki, uliza pasipoti ya 1914. Na mara nyingi inamkagua zaidi yule ambaye hana nguvu ya kulalamika.

34/ Jambo moja jipya kabisa la enzi hii, na hatulijadili. Mpaka umehama. Zamani mgeni alibishana na afisa wa Kenya, kwenye ardhi ya Kenya. Leo anayemzuia ni mfanyakazi wa ndege, Ufaransa, anayeangalia skrini. Kampuni ya ndege inamkatalia kwa sababu ikimleta asiyeruhusiwa itawajibika kumrudisha. Yule mtoto wa miezi minane hakuwahi kukutana na Mkenya yeyote aliyemkataza. Alikatazwa na mpaka wetu, akiwa kwao.

35/ Na sisi ndivyo tunavyokatazwa na mpaka wao, hapa hapa Nairobi, kwa kukosa nafasi kwenye kalenda. Mpaka wa sasa hauna ukuta wala askari. Ni fomu, ada na tarehe. Ndiyo maana ni rahisi kusimama jukwaani na kusema haupo.

36/ Basi, msimamo wangu, mnaweza kuukataa. Sioni ubaya wa Kenya kuwa na eTA. Ufaransa inadai makaratasi, Marekani inadai, Uingereza inadai, nasi tunayo haki. Ubaya ni kuita kitu jina lisilo lake. Ruhusa iitwe ruhusa. Ukiiita "bila viza", mgeni anaacha kumwombea mtoto wake, shangazi anapoteza siku tatu, na sisi wananchi tunapoteza nafasi ya kuuliza: tumetoa mlango huu mwepesi, tumepata nini badala yake?

37/ Kwa hiyo ukisikia mtu anaongea viza jukwaani, mpe maswali manne. Ada ya mtoto ni ngapi? Fedha zinakwenda wapi, na taarifa zilizokusanywa zinakaa kwa nani na kwa muda gani? Kuna mazungumzo gani ya kumpunguzia Mkenya usumbufu wa kwenda upande wa pili? Na jirani yetu wa karibu anaomba ruhusa gani ambayo wa mbali haombi?

38/ Kama anajibu, msikilize, hata kama si wa upande wako. Kama anarudia tu "tumefungua nchi", kumbuka katiba ya Ufaransa ya Septemba 1791. Nayo ilifungua. Kwa miezi michache.

39/ Nilimsomea shangazi uzi huu kwa simu kabla ya kuuweka. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo nikiandika barua ya nafasi, niwaambie na mtoto pia ana mpaka wake." Sasa ameiweka kwenye kila ujumbe anaowatumia wageni, mstari wa kwanza kabisa: kila mtu, hata anayenyonya. Kazi ambayo serikali ingeifanya kwa sentensi moja anaifanya mama mmoja Lamu.

40/ Uzi umeishia hapa. Kama wewe au ndugu yako mmewahi kukwama kwenye hii mipaka ya fomu, kwa kuja au kwa kwenda, andika chini. Usitaje ofisi wala jina la mtu, taja tu kilichotokea. Na kama nimekosea popote, nisahihishe kwa heshima, nitaweka masahihisho hapa hapa.